Melatonini na usingizi wa mtu mzima: mwongozo kamili, kuanzia jua la asubuhi mpaka kidonge

Mwaka juzi dada yangu alikuja likizo kutoka Marekani, kwenye begi lake kulikuwa na chupa ya melatonini, vidonge 120, kila kimoja miligramu 10, zawadi ya mama. Mama ana miaka 71, kila simu alikuwa analalamika kwamba usingizi umemkimbia, saa tisa usiku macho makavu, dada kwa upendo wake akaona amalize tatizo. Basi mama akawa anameza kimoja akishaswali isha. Kulala alilala, ila kesho yake mpaka saa nne asubuhi alikuwa anaongea kama mtu aliyetoka kwenye nusu kaputi, na siku ya tatu akapepesuka bafuni, kama sio kushika ukuta tungekuwa tunaongelea nyonga iliyovunjika saa hizi. Chupa ikafichwa kabatini.

Mimi sio daktari, niseme mapema. Ni mtoto wa mama nilikaa na hilo tatizo nyumbani, nikasoma sana, nikauliza madaktari na wafamasia, afu nikajaribu hatua moja moja. Nilichokuja kugundua ni kwamba kwenye melatonini saa ndo kila kitu, ukubwa wa dozi unafuata nyuma kabisa. Nasi tulikosea vyote viwili.

Kwanza elewa hii kitu inafanya nini

Melatonini ni homoni, mwili wako unaitengeneza mwenyewe kila usiku. Katikati ya ubongo kuna katezi kadogo kama punje ya mchele kanaitwa pinili, kanachukua triptofani tunayoipata kwenye vyakula vya protini, inageuzwa kuwa kemikali nyingine inaitwa serotonini, na giza likiingia ndo inakuwa melatonini. Aliyeitambua mwaka 1958 ni Aaron Lerner wa chuo kikuu cha Yale, na alikuwa daktari wa ngozi, anachunguza mambo ya rangi ya ngozi kwa kutumia tezi za ng'ombe, usingizi wala hakuwa na mpango nao.

Sasa kazi yake. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, basi melatonini ndo mbiu yenyewe, inapigwa kuutangazia mwili mzima kwamba jamani usiku umeingia, joto la mwili lianze kushuka, kila kiungo kijipange. Ila mpiga mbiu hakubebi mgongoni kukupeleka kitandani, na hapo ndo wengi tunapokosea, tunameza kidonge tukitegemea kitupige rungu la kichwa kama Valium, ile dawa kali ya kutuliza na kulaza. Hakina hiyo nguvu. Mwaka 2013 kuna watafiti walijumlisha majaribio mengi pamoja wakakuta kinawahisha usingizi kwa dakika kama 7 tu na kuongeza muda wa kulala dakika kama 8, kwa wastani. Hata chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani, kwenye mwongozo wao wa 2017, hawakupendekeza melatonini kwa mtu mwenye tatizo sugu la kukosa usingizi. Inapofanya kazi vizuri ni pale saa ya mwili imepotea njia, inahitaji kurudishwa.

Na nani anamwambia mpiga mbiu muda umefika? Macho. Nyuma ya jicho kuna seli ambazo hazijishughulishi na kuona sura ya mtu, zenyewe zinapima mwanga tu, hasa ule wa bluu kama wa anga la mchana, zinapeleka taarifa kwenye saa kuu iliyoko ubongoni. Mwanga ukiwepo pinili inanyamaza, giza likiingia inaanza. Kwa mtu anayelala saa nne usiku, mbiu huanza kama saa mbili hivi, inafika kileleni kati ya saa nane na saa kumi, afu inashuka kuelekea asubuhi.

Na hapa waswahili tunajua siri ambayo wazungu wanalipia semina: saa zetu zinaanza kuhesabiwa jua likichomoza. Ukisema saa moja asubuhi maana yake umeshakula kama saa nzima ya mwanga. Mwili nao unahesabu hivohivo, kwa hiyo usingizi wa leo usiku ulianza kupangwa leo saa moja asubuhi, na ukikaa ndani pazia limefungwa mpaka saa sita mchana, usiku usimlaumu mtu.

Umri unaingilia wapi? Utotoni mbiu inapigwa kwa nguvu sana, ukubwani inapungua, na wengi wakishapita 60 inakuwa hafifu na inapigwa mapema zaidi kuliko zamani. Tezi inajaa chokaa ya kalsiamu, lenzi ya jicho inageuka njano, mtoto wa jicho anaziba mwanga, na juu ya yote mzee mwenyewe tumeshamwambia apumzike, anashinda sebuleni na tivii. Sio wazee wote lakini, wapo wenye afya nzuri ambao melatonini yao inakaribiana na ya vijana, kwa hiyo usikimbilie kusema mama amepungukiwa homoni.

Hatua ya 1: daftari, wiki moja, bila kumeza chochote kipya

Hii ndo hatua watu wanairuka na ndo yenye majibu mengi. Chukua daftari la shule, kila asubuhi andika: alipanda kitandani saa ngapi, anadhani alipata usingizi saa ngapi, aliamka mara ngapi na kwa nini (mkojo, maumivu, ndoto, joto), aliamka moja kwa moja saa ngapi, mchana alisinzia muda gani, na alikunywa chai au kahawa saa ngapi. Kama mzazi hawezi kuandika, mpigie simu asubuhi muulize, unaandika wewe, dakika tano zinatosha.

Daftari la mama lilinifanya nicheke halafu nikaona aibu. Alikuwa analala saa mbili usiku, mara tu baada ya isha, anaamka saa tisa. Hesabu mwenyewe, hayo ni masaa 7, na kwa waliopita miaka 65 kinachopendekezwa ni masaa 7 mpaka 8. Kumbe mama usingizi wake hakukosa, aliulala wote mapema afu akabaki peke yake gizani anahesabu boriti! Sisi tukampa kidonge saa mbili kasoro, yaani mbiu yake ilikuwa tayari inawahi, tukazidi kuivuta iwahi zaidi, na kwa dozi ya tembo.

Kwa hiyo daftari likishajaa, angalia tatizo ni la aina gani. Kuna anayekaa kitandani mpaka saa saba usiku ndo apate usingizi na asubuhi haamki, huyu saa yake imechelewa, melatonini jioni inaweza kumsaidia kweli. Kuna kama mama, saa imewahi, dawa yake ni mwanga wa jioni. Kuna anayelala vizuri ila anaamka amka katikati, huyo nenda hatua inayofuata maana mara nyingi kuna mwizi.

Hatua ya 2: kamata wezi wa usingizi

Anza na mfuko wa dawa za presha, wazazi wetu wengi wanao. Ile dawa ya kukojoza ikimezwa jioni mtu atashinda usiku mzima njia ya chooni, muulize daktari kama inaweza kuhamia asubuhi. Amlodipine inajaza miguu maji kwa baadhi ya watu, mtu akilala yale maji yanarudi kwenye damu na yanatoka kama mkojo usiku, ndo maana kuinua miguu kwenye stuli jioni saa moja hivi kunasaidia. Atenolol na propranolol zenyewe zinapunguza melatonini ya mwili moja kwa moja, hii wengi hawaambiwi. Narudia, usimuachishe mzazi dawa ya presha kwa sababu umesoma hapa, beba daftari, nenda naye kliniki, uliza.

Mwizi wa pili ni kahawa. Kwa sisi wa pwani kahawa chungu ya barazani na kashata baada ya magharibi ni ibada kabisa, ila kafeini nusu yake bado inazunguka mwilini masaa kama 5 baadaye, na kwa mzee inaweza kukaa zaidi. Chai ya rangi nayo imo, watu wanadhani chai haihesabiki. Kikombe cha mwisho kiwe saa nane mchana, barazani nenda kapige soga na kashata peke yake.

Mwizi wa tatu anasikika mpaka chumba cha pili: kukoroma. Kama mzee anakoroma, pumzi inakatika kimya, afu anashtuka kama aliyekuwa anazama, hiyo ni ya hospitali, inahusiana na presha na moyo na hakuna kidonge cha melatonini kitakachoigusa. Miguu inayowasha na kutaka kuchezacheza usiku, pima madini ya chuma. Magoti, sukari isiyotulia, kibofu, tezi dume kwa wazee wa kiume, vyote tibu kwanza. Na huzuni jamani, mtu aliyefiwa na mwenza wa miaka 40 anaamka saa tisa usiku kwa sababu ambayo haipo kwenye tezi.

Afu kuna Piriton. Hii ni dawa ya mafua na mzio, ila nyumba ngapi inatumika kulazia wazee? Dawa za jamii hiyo kwa mzee zinaleta kuchanganyikiwa, mkojo kugoma, choo kigumu na kuanguka. Valium na ndugu zake vilevile, na kama mzazi ameitumia muda mrefu asiache ghafla, apunguziwe na daktari.

Hatua ya 3: mwanga wa mchana

Nje, hata siku ya mawingu, mwanga ni maelfu ya luksi (kipimo cha mwanga), jua likiwa kali unafika 100,000. Sebuleni kwetu na taa imewashwa ni 100 mpaka 300 hivi. Jicho la mzee ambalo lenzi yake imeshakuwa ya njano, hizo 200 za sebuleni ni kama umemuwekea kibatari.

Mtu ambaye saa yake imechelewa mtoe nje asubuhi, kati ya saa moja na saa mbili, nusu saa, achambue mchele barazani, amwagilie maua, atembee mpaka dukani. Asikodolee jua macho, kukaa nje tu kunatosha. Mtu kama mama ambaye saa imewahi fanya kinyume, asubuhi kivulini, jioni kuanzia saa kumi mpaka kumi na mbili akae nje kwenye mwanga mzuri. Tulimhamishia kiti uani, akawa anapokea wageni hukohuko, ndani ya wiki mbili usingizi ukasogea kutoka saa mbili mpaka saa tatu na nusu bila kidonge chochote.

Mtoto wa jicho kama yupo, atolewe. Kuna tafiti zimeonyesha usingizi wa baadhi ya watu unaboreka baada ya upasuaji maana mwanga unaingia tena.

Walioko Ulaya kaskazini hii hatua ni ngumu zaidi, Stockholm mwezi wa Desemba mchana wenyewe ni kama masaa 6, mzazi ukimleta huko kipindi hicho mtoe nje mchana hata kama analalamika baridi, mvalishe makoti yote.

Hatua ya 4: giza na ratiba

Masaa mawili kabla ya kulala punguza taa, zima ile nyeupe kali ya dari, acha ya njano pembeni. Simu na tivii zinachangia, ingawa mimi naona simu inalaumiwa kuliko inavyostahili, kinachomuamsha mtu ni video za WhatsApp za ndugu wanaogombana kuliko bluu ya kioo. Chumba kiwe cheusi ila njia ya chooni weka kataa kadogo ka njano au kekundu chini karibu na sakafu, kuanguka ni kubaya kuliko kukosa usingizi.

Kuamka kuwe saa moja kila siku (namaanisha wakati uleule mmoja, sio lazima saa moja asubuhi). Kulala mchana kusizidi nusu saa na iwe kabla ya saa tisa alasiri. Na hii ngumu kwa wazee kuikubali: ukikaa kitandani kama dakika 20 usingizi hauji, toka, kaa kwenye kiti, vuta tasbihi, soma, sikiliza redio kwa sauti ya chini, rudi ukisinzia. Kitanda kijulikane ni cha kulala. Haya ni sehemu ya tiba ya tabia ya usingizi, ambayo madaktari wa Marekani tangu 2016 wanasema ndo iwe ya kwanza kabla ya dawa yoyote, na ni ya bure, labda ndo maana haitangazwi.

Hatua ya 5: kidonge, kama bado kinahitajika

Sasa tumefika. Kwanza dozi. Mwaka 2001 watafiti wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, waliwapa watu waliopita miaka 50 wenye shida ya usingizi miligramu 0.1, 0.3 na 3 kwa nyakati tofauti, iliyorudisha usingizi vizuri zaidi ni 0.3, na ile ya 3 ilishusha joto la mwili na ikabaki kwenye damu mpaka mchana. Sasa fikiria mama yetu na 10, karibu mara 33 ya ile iliyofanya kazi. Kwa hiyo anza na 0.5, ukipata kidonge cha 1 kikate katikati, baada ya wiki kama hakuna kitu panda mpaka 1, mwisho 2. Zaidi ya hapo iwe kwa kauli ya daktari. Kile cha kuyeyuka taratibu usikikate wala kutafuna, kimezwe kizima, hicho ndo aina ambayo Ulaya iliruhusiwa 2007, miligramu 2 kwa watu wa miaka 55 na kuendelea, saa moja au mbili kabla ya kulala baada ya kula, kisizidi wiki 13.

Saa ya kumeza: kwa kusaidia kupata usingizi, lisaa limoja mpaka mawili kabla. Kwa mtu ambaye saa yake imechelewa sana na unataka kuivuta iwahi, dozi ndogo ya 0.5 masaa matatu mpaka matano kabla ya muda anaolala sasa hivi. Kumeza saa tisa usiku ukishaamka usifanye, asubuhi utakuwa mzito. Na safari, mzazi akitoka Dar kwenda Minneapolis au kurudi, tofauti ya masaa 8 mpaka 9, hapo melatonini inajulikana kusaidia kweli, anameza muda wa kulala wa kule alikofika, siku chache za mwanzo, basi.

Kuhusu kununua, chunga zile pipi za kutafuna. Marekani melatonini inauzwa kama virutubisho tu, haikaguliwi kama dawa, na mwaka 2023 watafiti walipima pipi za aina 25 wakakuta 22 lebo zake haziko sahihi, kiasi halisi kilikuwa kuanzia asilimia 74 ya kilichoandikwa mpaka asilimia 347, na moja haikuwa na melatonini hata chembe. Kama unaagiza, tafuta kidonge cha dozi ndogo chenye alama ya kupimwa na maabara huru, na kaweke mbali na wajukuu, pipi kwao ni pipi.

Asiyetakiwa kumeza bila kuongea na daktari: anayetumia warfarin (dawa ya kuzuia damu kuganda), anayetumia dawa za kifafa, mwenye ugonjwa wa ini, aliyepandikizwa kiungo, mwenye magonjwa ya kinga ya mwili kujishambulia, na anayetumia nifedipine (dawa ya presha) maana presha inaweza kupanda. Fluvoxamine, dawa ya sonona, usichanganye kabisa, inapandisha melatonini kwenye damu vibaya sana. Ciprofloxacin, ile antibiotiki, nayo inaipandisha, na wazee wanaandikiwa sana hiyo kwa UTI, basi wiki ya dozi pumzisha melatonini. Pombe inaiharibu kazi. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau usimuanzishie mwenyewe nyumbani.

Na hii ya kurudisha ujana?

Utaona matangazo kwamba melatonini inazuia uzee, inaua saratani, inalinda ubongo. Ukweli wake mdogo ni huu, maabara imeonekana inapambana na zile kemikali zinazochakaza seli, na wanyama waliopewa wameonyesha mambo ya kuvutia. Kwa binadamu hakuna ushahidi kwamba kidonge kinaongeza umri. Kinacholeta maana ni usiku wenyewe: shirika la WHO la utafiti wa saratani tangu 2007 limeweka kazi za zamu za usiku kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, na usingizi mbovu wa miaka unaenda pamoja na presha, sukari na kumbukumbu kudhoofika. Kwa hiyo ukimrekebishia mzazi usiku wake umegusa uzee wake, ila hilo halikupi sababu ya kumeza miligramu 10 kila siku kama vitamini.

Hatua ya 6: pima, afu acha

Endelea na daftari wiki tatu. Kama muda wa kupata usingizi haujabadilika na mchana hana nguvu zaidi, kidonge hakimfai, acha, hakina uraibu kama wa Valium. Kama kimesaidia, baada ya wiki kadhaa ruka siku moja moja uone kama saa imeshakaa sawa. Akianza ndoto za kutisha, kichwa kuuma, kizunguzungu asubuhi, punguza au simamisha. Akikosa usingizi huku kifua kinabana, akishindwa kulala chali kwa pumzi, au akianza kuongea vitu visivyoeleweka ghafla, hapo usihangaike na mwanga wala kidonge, hospitali usiku huohuo.

Mama sasa hivi analala kama saa nne kasoro robo, anaamka mara moja chooni, saa kumi na moja yuko macho kwa alfajiri. Kidonge alitumia wiki mbili tu, nusu ya cha 1, kipindi alichoenda kwa dada na kurudi. Ile chupa ya 10 bado ina vidonge 117.